Siku Nilimwibia Buda kwa Scrabble

Wacha nianze na aibu, mengine yatafuata. Nikiwa kidato cha tatu nilikuwa namwibia buda wangu. Si pesa. Maneno. Tulikuwa tunacheza Scrabble kila Jumapili, na mimi nilikuwa na simu chini ya meza. Naandika herufi saba nilizo nazo, intaneti inanipa orodha ya maneno yote ya Kizungu yanayoweza kutoka hapo, nachagua lile lenye pointi mingi, halafu naliweka kwenye bodi polepole na uso wa mtu amefikiria sana.

Kama hujawahi kucheza, iko hivi. Kila mtu anachota herufi saba kutoka kwa mfuko bila kuangalia. Unazipanga kwa kibao chako, unatafuta neno, unaliunganisha na maneno yaliyo tayari kwenye bodi. Herufi za kawaida kama E na A ni pointi moja. Q na Z ni kumi kila moja. Ukimaliza zote saba kwa mpigo mmoja, unaongezewa pointi 50. Hiyo 50 ndiyo ilinimaliza.

Sisi ni watu wa Kawangware. Buda ni askari wa usiku kwa fleti moja upande wa Lavington, saa kumi na mbili jioni mpaka saa kumi na mbili asubuhi, kwenda na kurudi kwa miguu. Kuna familia ilihama pale, ikamwachia viti viwili vya plastiki, sufuria, na boksi la Scrabble limefungwa selotepu kwa pembe. Ndani herufi zilikuwa 99 badala ya 100. Iliyopotea ilikuwa K. Na kwa Scrabble ya Kizungu K ni moja tu, kwa hivyo hatukuwa na K kabisa. Buda akakata kifuniko cha mkebe wa mafuta ya kujipaka, akaandika K na kalamu, na kando yake 5 ndogo. Ilikuwa nyembamba kuliko zingine, ukiingiza mkono kwa mfuko unaijua tu. Tukaweka sheria: ikikuangukia ni yako, lakini hakuna kupapasa. Hiyo sheria sikuwahi kuivunja. Nilikuwa mwizi mwenye mipaka yake.

Hebu fikiria hiyo K moja. Huwezi hata kuandika "kuku". Gemu hii ilitungwa na Alfred Butts, msanifu majengo wa Marekani aliyekosa kazi wakati uchumi ulianguka miaka ya 1930. Alikaa chini akahesabu herufi kwenye kurasa za magazeti ya Kizungu ndiyo ajue kila moja inafaa kuwa ngapi. E zikatoka 12. S akazipunguza makusudi zikawa nne, watu wasimalize mchezo kwa kuongeza S tu mwisho wa kila neno. K ikatoka moja. Angehesabu Taifa Leo, mfuko ungejaa K na A, na Q tungeisikia kwa redio.

Buda alifika darasa la nane. Lakini alikuwa ananichapa. Wapangaji wakimaliza magazeti wanamwachia langoni, na usiku ukitulia anasoma. Kila neno geni analiandika kwa daftari lake la jalada la bluu. Kushoto neno, kulia maana. Akirudi nyumbani analala mpaka saa nane, na Jumapili kabla ya kwenda kazi tunacheza. Hachezi haraka. Anashika herufi moja, anairudisha, anakohoa, halafu anaweka kitu kama QUOTA kwa ile sehemu ya neno mara tatu. Nilikuwa napoteza kwa pointi 80, 90, wakati mwingine mia.

Sasa, kwa nini kushindwa na baba yako iwe kitu ya kukutoa jasho? Juu kulikuwa na hadithi nyingine nyuma yake.

Kidato cha kwanza, wiki ya pili. Nilikuwa nimebahatika kuingia skuli ambapo watoto wengi Kizungu ndicho lugha yao ya nyumbani. Ticha akaniambia nisimame nisome kifungu kwa sauti. Nikasoma vizuri tu mpaka nikafika kwa neno ISLAND. Nikalisoma venye limeandikwa. Iz-landi. Manze, mimi nimekulia Kiswahili. Kiswahili hakinanga mchezo wa kuweka herufi halafu unaambiwa ujifanye hujaiona. Ukiona S, unasema S.

Darasa lilianguka. Ticha mwenyewe alicheka mpaka akapangusa macho. Na kwa mihula mitatu jina langu likawa hilo. "Izlandi, nikopeshe kalamu." "Izlandi, unaitwa ofisini." Sikuwahi kuinua mkono tena kwa hilo darasa, hata kama jibu nalijua.

Ndiyo maana mwanzoni nilipenda Scrabble. Bodi haina masikio. Hakuna mtu anakuuliza neno linatamkwaje. ISLAND kwa Scrabble ni pointi saba, na ile S inahesabiwa kama wenzake. Nilipata mahali pamoja ambapo Kizungu kilikuwa mfuko wa herufi tu, na mimi na buda tunachota sawa.

Lakini nikiendelea kushindwa, hisia ikageuka. Mtu analinda geti usiku kucha ndiyo nilipiwe karo, nijue Kizungu. Na huyo huyo mtu ananichapa kwa Kizungu. Nilianza kufikiria kwamba siku moja ataangalia zile pointi na aulize: kwani huko skuli unaenda kufanya nini? Hakuwahi kuuliza. Mimi ndiye nilikuwa najiuliza kwa sauti yake.

Kamusi yetu ilikuwa ya zamani, kurasa za mwisho zimeng'oka, imeishia kwa W. Kila mara tukigombania neno la X au Z hakuna pa kuangalia. Nikasema, "Baba, si tutumie simu iwe refa?" Akasema sawa. Na simu ilikuwa mkononi mwangu. Refa na mwizi wakawa mtu mmoja.

Wiki ya kwanza nikaweka ZAX. Buda akainama akaangalia bodi. "Hii nayo?" Nikatafuta kwa simu, nikamwonyesha: ni sahihi. Akacheka, akatoa daftari, akaliandika. Wiki iliyofuata CWM, ambayo haina hata vokali moja unayoijua. Halafu QANAT. Kila mara analiandika kushoto, upande wa kulia anaacha wazi. "Maana utaniambia baadaye," anasema, juu saa ya kazi imefika. Na mimi najibu, "Eeh, ni kitu ya sayansi." Sikuwa najua maana ya hata moja.

Halafu ikaja ile Jumapili ya RETSINA.

Nilichota A, E, I, N, R, S, T. Wachezaji wa Scrabble huota hizo herufi saba. Nikaziingiza kwa simu, na orodha ikashuka: NASTIER, RETAINS, RETINAS, RETSINA, STAINER, STEARIN. Sasa sikiza. RETAINS nilikuwa naijua. NASTIER pia. Ningetulia dakika tano, nikasogeza sogeza herufi, pengine ningeiona mwenyewe, na ingekuwa mara yangu ya kwanza kumaliza saba. Pointi za herufi ni zile zile. Lakini nikachagua RETSINA kwa sababu ilionekana kama neno la mtu amesoma.

Buda aliweka mikono kichwani. "Kijana, umenimaliza." Akanipa mkono kabisa, kama mtu mzima na mtu mzima. Akaandika RETSINA kwa daftari kwa herufi kubwa. Kulia akaacha wazi.

Jumanne asubuhi alirudi kutoka kazi akiwa bado na koti, akanipata nakunywa chai.

"Nimejua RETSINA," akasema.

Kwa ile fleti kuna mama mmoja mstaafu, alikuwa mwalimu, hutoka alfajiri kutembea. Buda alikuwa amemuuliza. Na huyo mama alikuwa analijua. Ni divai ya Wagiriki, inatiwa utomvu wa msonobari.

"Alishangaa sana," buda akasema. "Akaniuliza nimelitoa wapi. Nikamwambia si mimi, ni kijana yangu. Yeye ndiye anajua maneno. Nikamwambia na hayo mengine pia." Alikuwa anatabasamu mpaka anashindwa kufungua vifungo vya koti. "Kumbe hucheza hii kitu tangu chuo kikuu. Amesema Jumapili nikupeleke mcheze naye."

Chai ilinikwama hapa.

Nilikuwa na siku tano. Nikajaribu kukariri maneno yote ya herufi mbili yanayokubaliwa. Yako zaidi ya 120, na mengi huwezi kuamini ni maneno: QI, XU, KY, AA. Nikafika 30 hivi, yakaanza kuchanganyikana. Nikiendelea kutafuta mbinu kwa mtandao nikakutana na Nigel Richards, jamaa wa New Zealand. Huyu mtu alishinda ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa mwaka 2015, na haongei Kifaransa. Alikaa na orodha ya maneno wiki kama tisa, akaingia Ubelgiji, akawachapa Wafaransa kwa lugha yao. Mwaka 2024 akafanya vile vile na Kihispania, huko Granada. Haongei hicho pia.

Nikaona nimepata wakili. Kumbe maana si lazima! Kumbe mtu anaweza kuwa bingwa wa maneno asiyoyaelewa! Nilifurahi kama dakika kumi. Halafu ikanigonga: Richards akiketi kwa meza hana simu mapajani. Yale maneno yako kichwani mwake, aliyabeba mwenyewe mpaka Ubelgiji. Mimi yangu yalikuwa kwa bando la shilingi hamsini.

Jumamosi jioni buda alikuwa amekaa kwa kile kiti cha plastiki, anapiga viatu rangi. Nikasimama mlangoni.

"Baba. Yale maneno si yangu."

Aliendelea na brashi. "Ni ya nani?"

"Ya simu. Nilikuwa naweka herufi kwa simu, inaniambia."

"Yote?"

"Tangu Februari."

"Hata hii ya Wagiriki?"

"Hata hiyo."

Akamaliza kiatu cha kwanza. Akashika cha pili, akakiangalia, akakiweka chini bila kukipiga rangi. Ningependelea anigombeze. Alivaa, akachukua tochi na daftari. Akifika mlangoni akasema bila kugeuka, "Kesho saa tisa. Vaa shati safi."

"Lakini baba, si nimekwambia siwezi?"

"Nimesikia. Tutaenda."

Buda amelinda ile fleti miaka sita, na nadhani hiyo Jumapili ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuketi ndani ya nyumba yoyote pale. Aliketi ukingoni mwa sofa kama mtu anangoja kuitwa. Yule mama akaleta chai na mandazi, akaweka bodi mezani, bodi nzuri ya kuzunguka. Nikaona nisipoongea sasa sitaongea tena.

"Mama," nikasema, "ile RETSINA niliitoa kwa simu. Na zingine pia. Mimi sijui sana."

Akaniangalia, akamwangalia buda. Buda alikuwa anaangalia chai yake.

"Na mimi nilijiuliza," akasema. "Nimeishi miaka mingi, na hiyo divai nimekunywa mara moja. Haya, weka simu pale dirishani tucheze."

Nilipigwa, wasee. Sitawadanganya. Yeye 341, mimi 198. Niliweka ROAD, niliweka TEN, niliweka HOUSE nikajiona nimefika. Yeye anaweka maneno kama mtu anapanga vikombe. Lakini ilitokea kitu nusu ya mchezo. Nilikuwa nimebaki na herufi mbovu, M, A, A, T, U na mbili zingine zisizoenda popote. Kulikuwa na T imekaa peke yake kwenye bodi. Nikaangalia sana. Sikuwa na simu ya kuniambia ndiyo au la. Jibu nilikuwa naliona, ila nilikuwa naogopa. Kwa ile chumba nilisikia kabisa darasa langu linacheka.

Nikaweka. MATATU.

Mama akashusha miwani. "Hilo ni letu, si lao."

"Naliacha hapo hapo," nikasema. Kwa sheria, akilipinga na liwe si sahihi, natoa herufi zangu na napoteza zamu.

Akatoa kitabu kinene, ile orodha ya Collins inayotumika kwa mashindano ya kimataifa. Akafungua kwa M. Akateremsha kidole. Halafu akaanza kucheka, kile kicheko cha mtu amefurahia kukosea, akageuza kitabu tuone. MATATU ipo. Na S wameiweka pia, MATATUS. Wakati huo ndipo buda alitoka ukingoni mwa sofa. Alikuja akainama aone kwa macho yake.

Tukasahau mchezo kwa dakika ishirini. Tukaanza kuwinda. UGALI ipo. UHURU ipo. DUKA, PANGA, SAFARI, zote zipo. MZEE ipo, na wingi wake eti MZEES. MZUNGU pia ameandikwa, akiwa wengi ni MZUNGUS. Buda akasema, "Angalia ASKARI." Ipo. Akaweka kidole juu yake akakiacha hapo kidogo. "Kumbe nimo," akasema.

MATATU ilinipa pointi nane, juu haikuangukia rangi yoyote. Nane tu, lakini hizo nane zilikuwa zangu.

Tukirudi Kawangware kwa miguu hakuongea mpaka tulipovuka barabara kubwa. Halafu akaniambia kitu sikuwa najua. Miaka ya nyuma, kwa kazi nyingine, bawaba ya geti ilivunjika usiku. Askari lazima aandike kila kitu kwa kitabu cha matukio, na lazima iwe Kizungu. Hakujua neno. Akaandika kwa Kizungu kwamba geti ni mgonjwa. Asubuhi msimamizi akaisoma kwa sauti mbele ya wenzake wa zamu zote mbili. Wiki hiyo hiyo akanunua daftari la bluu.

"Sidhani yeye anakumbuka," buda akasema. "Mimi nakumbuka hata viatu alikuwa amevaa."

Nikamwambia kuhusu ISLAND. Sikuwa nimewahi kumwambia mtu wa nyumbani. Hakucheka.

"Unajua kilichoniuma ni nini?" akaniuliza tukikaribia nyumbani. "Si kushindwa. Zile nafasi za maana. Nilikuwa naziacha wazi nikingoja uniambie."

Hiyo sentensi ndiyo bado natembea nayo.

Sasa wacha nitoe maoni yangu, juu ndiyo mmezoea kunifuata kwa ajili ya hiyo.

Moja. Sikuiba kwa sababu napenda kushinda. Niliiba kwa sababu nilikuwa nimeamini kwamba mtu asiyejua neno la Kizungu ni mjinga, na nilikuwa naogopa kuonekana sijui. Na hii imani hatukuzaliwa nayo, tulifundishwa. Wengi wenu mnakumbuka ile "diski", kile kibao unavalishwa shingoni ukipatikana unaongea Kiswahili au lugha ya mama, na unakaa nacho mpaka umpate mwingine umvalishe. Mtoto aliyevalishwa aibu ya lugha hufanya nini akikua? Anajificha. Ananyamaza mkutanoni. Anasema "ni kitu ya sayansi".

Mbili. Hicho Kizungu chenyewe tunachoogopa kimejaa makosa ya watu wazima. Nilikuja kusoma historia ya ISLAND. Zamani Waingereza waliliandika bila S, na hawakuwahi kuitamka hiyo S hata siku moja. Karne ya 16 wasomi wakadhani linatoka kwa ukoo wa ISLE, ambalo asili yake ni Kilatini, wakachomeka S. Walikosea, ni maneno ya koo mbili tofauti. Ile B ya DEBT pia ilichomekwa tu ifanane na Kilatini. Kwa hivyo mimi nilichekwa mwaka mzima kwa kusoma kosa la mtu mwingine. Wao walikosea likawa tahajia, mimi nikakosea likawa jina langu.

Tatu. Sisemi utupe zile programu za kutafuta maneno. Nilipomaliza skuli nilijifunza kuandika yangu, na nikagundua siri yake ni ndogo sana. Herufi saba tofauti zinaweza kupangwa kwa njia 5,040. Nilidhani mashine inapitia zote. Wala. Inachukua kila neno la kamusi, inapanga herufi zake kwa mpangilio wa alfabeti, na inayaweka pamoja yale yanayofanana. LISTEN ukiipanga inakuwa EILNST. SILENT pia EILNST. ENLIST, TINSEL, INLETS, hivyo hivyo. Kwa hivyo ukiipa herufi zako, inazipanga tu na kufungua droo. Haijui SILENT ni kimya. Haijui divai. Kwa kifupi, inafanya kile nilikuwa nafanya mimi: inaweka neno mezani na kuacha upande wa maana wazi.

Itumie baada ya mchezo, si ndani ya mchezo. Cheza, andika zile herufi zilikushinda, halafu usiku iulize ulikosa nini. Hapo inakuwa mwalimu. Wakati wa kucheza, tumia kichwa. Tenganisha miisho kwanza: una ING? Una ED? Una ER? Ziweke kando uone kilichobaki. Jaribu mianzo, RE na UN. Zungusha herufi zako kila mara, juu macho huzoea mpangilio mmoja yakakwama. Na usidharau maneno mafupi. Mwaka 2015 Wellington Jighere wa Nigeria alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa Scrabble ya Kizungu, kule Perth, Australia. Wanaijeria wanajulikana kwa hiyo mbinu, kuweka neno la herufi tano hata kama wana refu zaidi, ndiyo wabaki na herufi nzuri za zamu inayofuata.

Na neno usilolijua, uliza. Kwa sauti. "Hii ni nini?" Buda aliuliza neno langini saa kumi na moja alfajiri, akiwa na uniform, na ndiyo maana leo anajua RETSINA. Mimi nilinyamaza, na nilikuwa na intaneti nzima mkononi.

Wiki iliyofuata niliomba daftari. Nikajaza zile nafasi moja moja na kalamu yangu. ZAX ni kifaa cha kukatia vigae vya mawe vya paa. CWM ni bonde, neno la Wales. QANAT ni mfereji wa chini ya ardhi wa kuleta maji, kama ule wa Iran. Buda alizisoma zote kabla ya kwenda kazi, akaniuliza swali kuhusu mfereji, sikuwa na jibu, nikasema sijui. Akasema hata yeye. Tukaangalia pamoja kwa simu.

Bado tunacheza. K bado ni ya kifuniko. Ananichapa mara mbili kati ya tatu.

Sasa niwaachie kazi. Herufi ni A, E, L, S, T. Maneno ya herufi tano, kila herufi itumike mara moja. Jumapili iliyopita mimi nilipata sita. Buda alipata saba, na hiyo ya saba ilibidi nimuulize maana yake.

Simu dirishani, tafadhali.